Ubao Uliooza Haufunikwi

Mazungumzo kwa wanachama wetu mafundi wa vyombo, mabaharia na wapakizi

Leo hatukuja kusema habari za mishahara, ingawa kabla ya kumaliza mtaona kwamba mishahara nayo imo. Tumekuja kusema habari za sitaha, yaani ile sakafu ya mbao ambayo baharia huikanyaga usiku na mchana, na mpakizi huikanyaga akiwa na mzigo begani. Na hasa tutasema habari za sitaha ya chombo kizee, ambayo mbao zake zimeoza na zataka kubadilishwa.

Pengine wengine watauliza: chama cha wafanya kazi na kazi ya useremala, wapi na wapi? Jawabu letu ni hili. Mfanya kazi wa kiwandani akisimamishwa juu ya sakafu mbovu, chama chake husema. Basi kwa baharia, sitaha ndiyo sakafu ya kiwanda chake. Fikirini hesabu hii wenyewe. Mtu wa kilo 70 akibeba mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50, jumla ni kilo 120. Na mtu anapotembea, kila hatua mguu mmoja huwa hewani, na kilo zote 120 huwa juu ya unyayo mmoja. Kama ubao ulio chini ya unyayo ule umebaki ganda juu na unga ndani, haumwambii mtu ajihadhari. Hukatika tu.

Vyombo vya mbao havijaisha katika pwani yetu. Tangu Vanga mpaka Kizingitini, majahazi, mashua na lanchi za mbao bado zachukua mchanga, mawe, simenti, samaki na watu. Kule Matondoni katika kisiwa cha Lamu, mafundi bado huunda vyombo na kuvitengeneza kwa mikono yao. Vingi katika vyombo hivi ni vya umri mkubwa. Chombo kuwa kizee si aibu. Aibu ni kukipaka rangi mpya juu ya mbao zilizokufa, kisha kumwambia mpakizi apande.

KINACHOOZESHA SITAHA

Ndugu zetu, tuanze na kujua adui. Mbao haziozi kwa sababu ya uzee peke yake. Kuna milango ya nyumba za Lamu iliyochongwa zamani sana na mpaka leo ni mizima. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu hutaka unyevu na hewa. Ubao ukiwa mkavu, maji yaliyomo ndani yake yakiwa chini ya sehemu 20 kwa kila sehemu 100 za uzito wa mti wenyewe, kuvu hawezi kuula. Ukilowa ukabaki umelowa, hapo ndipo karamu inapoanza.

Na maji yenyewe ni yapi? Wengi husema bahari ndiyo inayokula sitaha. Sivyo. Bahari ina hatari zake chini ya chombo, ambako wadudu wa maji hutoboa mbao mpaka zikawa kama sega la asali. Lakini juu, katika sitaha, maji ya chumvi ni rafiki kuliko maji ya mvua. Chumvi humzuia kuvu. Mvua ndiyo humlisha. Ndiyo maana wazee wetu waliosha sitaha kwa ndoo za maji ya bahari asubuhi na jioni. Hawakufanya hivyo kwa usafi tu. Maji yale yaliziweka mbao zivimbe na kubanana, na chumvi ikazilinda.

Sasa tazameni mahali ambapo maji ya mvua hujificha. Hujificha kwenye ncha za mbao, kwa kuwa ncha ya ubao hunywa maji kuliko ubavu wake. Hujificha kuzunguka tundu la mlingoti, chini ya kizingiti cha mlango wa ngama, pembeni ambapo sitaha hukutana na ubavu wa chombo, na kuzunguka kila msumari ulioota kutu. Hujificha pia chini ya marobota na kamba zilizorundikwa mwezi mzima bila kuinuliwa. Baharia anayejua mahali hapa pa kutazama amekwisha kuwa nusu fundi.

KUIPIMA SITAHA

Kazi ya kupima haitaki mashine. Yataka nyundo, kisu chenye ncha na subira. Gonga sitaha kwa nyundo ndogo, ubao baada ya ubao. Ubao mzima hulia kwa sauti kali. Ubao uliooza hulia kwa sauti nzito ya chini, kama mtu agongaye debe lililojaa mchanga. Ukisikia sauti hiyo, tia ncha ya kisu. Ikizama bila taabu, umekwisha kupata jawabu.

Kama bado una shaka, ipo njia nyingine. Chomeka ncha ya kisu kidogo, kisha inua kibanzi kufuata urefu wa ubao. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Ubao uliooza hutoa kipande kifupi kinachokatika palepale kama mkate mkavu. Rangi nzuri haiwezi kudanganya jaribio hili.

Kisha shuka ngamani ukatazame upande wa chini. Lakini hapa twasimama kwanza, kwa sababu jambo hili limeua watu katika bandari nyingi za dunia. Ngama iliyofungwa muda mrefu, yenye maji machafu na mbao zinazooza, inaweza kukosa hewa ya kuvuta. Macho hayaoni na pua huenda isinuse kitu. Anayeshuka huanguka, na mwenziwe akimkimbilia kumwokoa naye huanguka juu yake. Kwa hivyo fungueni milango yote, acheni upepo upite kwa muda wa kutosha, na asishuke mtu bila mwingine kubaki juu akimwangalia. Na huyo wa juu akimwona mwenziwe ameanguka, asijitumbukize. Apige kelele aite watu na kutafuta njia ya kupeleka hewa chini.

JAMBO TULILOLIJIA

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Mwenye chombo humwita fundi, humwonyesha sitaha, na kumwambia, "Mbao sita hizi zimeoza. Wataka kiasi gani?" Fundi hutazama juu, hutaja bei, na hupeana mikono. Hapo kosa limekwisha kufanyika, na wala nyundo haijapigwa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu duniani awezaye kujua uozo umefika wapi kabla sitaha haijafunguliwa. Juu mwaona mbao sita. Chini huenda boriti zinazozibeba nazo zimeliwa.

Twakijua chombo kimoja, ambacho jina lake na la mwenyewe tutayaacha. Bei ilifungwa kwa mbao sita. Mafundi walipozing'oa wakakuta boriti tatu zimelainika kwenye ncha, pale zinapoingia ubavuni. Wakamwambia mwenye chombo. Akajibu kwamba wamekubaliana mbao sita, na shilingi moja zaidi hatoi, na wakiiacha kazi hawatalipwa hata kwa siku walizokwisha kufanya. Watu wale walikuwa na watoto nyumbani. Walipigilia mbao mpya nzuri juu ya boriti mbovu, wakatia kalafati na kupaka rangi. Sitaha ikang'aa. Baada ya masika, mpakizi mmoja akiwa na mfuko begani alipita juu ya mbao zile mpya. Mbao hazikuvunjika. Zilizama pamoja na boriti, naye akavunjika mguu. Mwenye chombo akasema ni makosa ya mafundi. Mafundi wakasema walimwonya. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja, na maneno ya mdomo huchukuliwa na upepo.

Ndugu wanachama, tusimlaumu fundi peke yake. Mtu aliyefungwa kwa bei ya kipande huwa anashindana na tumbo lake. Kila boriti mbovu anayoifichua yampunguzia chakula. Hapo uangalifu huwa adhabu, na uzembe huwa faida. Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo kwamba mishahara imo ndani ya habari hii. Usalama wa mpakizi hutegemea namna fundi anavyolipwa.

Basi chama chatoa shauri hili, na twataka kila mwanachama alishike. Bei ya kufungua na bei ya kujenga zisifungwe pamoja. Kwanza, fundi alipwe kwa siku kazi ya kufungua na kupima. Pili, sitaha ikiwa wazi, fundi, nahodha na mmoja wa mabaharia washuke pamoja na mwenye chombo, waone boriti kwa macho yao, na yaandikwe: mbao ngapi, boriti ngapi, misumari ya namna gani. Siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera. Pigeni picha kabla ya kufunika. Tatu, ndipo bei ya kujenga ikubaliwe, na kila upande ubaki na nakala.

Mwenye chombo asidhani kwamba shauri hili ni la kumdhulumu. Wengine ni manahodha wenye chombo kimoja tu, na twajua hali yao. Lakini sitaha mbovu hupitisha mvua, na mvua hushuka kwenye boriti, kutoka boriti huingia katika mataruma, na mataruma yakioza chombo kimekwisha. Anayekataa kulipia boriti tatu leo atakuja kulipia ubavu mzima. Asiye na fedha ya kutosha afanye kazi kwa mafungu: sehemu ya mbele mwaka huu, ya nyuma mwaka ujao. Lakini sehemu inayongoja ifungwe kwa kamba, isipakiwe mzigo wala kupitwa na watu.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Tuseme sasa sitaha imefunguliwa na bei imekubaliwa. Miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu katika pwani yetu, na kazi hii ifanywe wakati huo ikiwezekana, kabla masika hayajaingia.

Kwanza, chombo kiegemezwe imara pande zote mbili kwa magogo. Sitaha husaidia kukishika chombo umbo lake. Kwa hivyo usizing'oe mbao zote kwa mara moja. Ng'oa sehemu, jenga sehemu. Kila ubao unaoutoa mzima utie nambari, kwani huo ndio kigezo cha kuchongea mpya. Kichwa cha msumari kilichoota kutu kikate kwa tindo, usiunyonge ubao kwa mtaimbo ukapasua na boriti iliyo nzima.

Pili, kata uozo wote. Usikome pale rangi ya uozo inapokoma, kwa sababu kuvu hutangulia ndani ya ubao kabla jicho halijaona. Pita futi moja au mbili ndani ya mti mzima kufuata urefu wa ubao. Na kipande kipya kisiwe kifupi kama kiraka cha shati. Kifike walau juu ya boriti tatu.

Tatu, boriti. Boriti iliyooza itolewe nzima. Pale isipowezekana kabisa kuitoa, kata sehemu mbovu yote na uiwekee pacha ubavuni, mti mzima wenye unene uleule, ukazwe kwa bolti. Pacha aliyekazwa kwenye boriti iliyooza ataambukizwa ugonjwa wa nduguye.

Nne, mbao mpya. Mbambakofi ni bora lakini siku hizi ni adimu na ghali. Msaji na mvule hufaa. Uwe ubao wowote, uwe mkavu, usiwe na mafundo yaliyolegea, na unene wake uwe sawa na wa zamani. Viungo vya ncha visikae safu moja juu ya boriti moja. Vitawanye, ili pawe na mbao tatu nzima kati ya kiungo na kiungo juu ya boriti ileile. Tumia misumari iliyochovywa zinki, wala usichanganye chuma na shaba mahali pamoja, kwa sababu katika maji ya chumvi chuma huliwa upesi. Toboa kwanza kwa keekee ndipo upigilie. Kichwa cha msumari kizamishwe na kufunikwa, maji yasipate mlango.

Tano, kalafati. Mbao zigusane chini na ziachane kidogo juu, ili pamba ipate mahali pa kukaa. Pamba iloweshwe mafuta, ipigwe kwa chembeu, wala isipigwe kwa hasira ikapita upande wa pili. Kumbukeni ubao mkavu utavimba ukilowa. Juu ya pamba pafungwe vizuri, na sitaha ibaki na mgongo wake, yaani katikati pawe juu kuliko pembeni, ili mvua itiririke. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Tundu moja lililozibwa na takataka laweza kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Wapo wanaosema, leta mbao za plaiwudi na fibaglasi, funika juu ya sitaha yote na mambo yamekwisha. Juu ya mbao nzima na kavu, fundi ajuaye kazi hiyo aweza kuifanya vizuri. Lakini juu ya mbao zilizooza, ni kumfungia kuvu nyumbani na unyevu wake, mlango ukakazwa. Sitaha itakuwa nzuri juu na kaburi chini.

Na wakati wa kazi yote hii, mjilinde wenyewe. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Msizikwangue zikiwa kavu mkavuta vumbi lake, bali zilowesheni na kujifunika pua na mdomo. Mtu asitembee juu ya sitaha iliyofunguliwa bila ubao wa kupitia uliowekwa imara juu ya boriti nzima.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu zetu, katika jambo hili hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au daima. Kifungu cha 14 chataka mfanya kazi aeleze kwa msimamizi wake jambo lolote analoona kwa sababu ya haki kuwa ni hatari kubwa. Na mpaka hatari ile iondolewe, asilazimishwe kurudi mahali pale. Kwa hivyo mpakizi asemaye, "Sitaha hii imelainika, sipandi mpaka itazamwe," si mvivu wala mkaidi. Anafanya lile ambalo sheria inamwagiza.

Na akiumia mtu, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri akipata habari ya ajali yampasa kuipeleka kwa mkurugenzi wa serikali katika siku 7. Madai ya fidia yapelekwe kwa maandishi kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Wengi wetu hupoteza haki kwa kungoja, wakisema tajiri ameahidi. Mwanachama akiumia, mwenziwe aandike siku ile ile: siku gani, saa ngapi, ubao gani, nani alikuwapo, kisha alete habari kwa chama.

MANENO YA MWISHO

Tumesema mengi, lakini ya kushika ni machache. Mafundi, msifunge bei kabla hamjafungua sitaha, na mkikubaliana neno hili nyote, hapana mwenye chombo atakayewapita akatafute wa bei ya gizani. Akienda kwa fundi wa pili akasikia jawabu lile lile, na kwa wa tatu vilevile, atarudi. Lakini mmoja akivunja, wote tumerudi tulikotoka. Mabaharia, osheni sitaha kwa maji ya bahari, inueni kamba na marobota pakauke, zibueni matundu, na kila mwisho wa mwezi pitisheni nyundo. Wapakizi, mkisikia ubao unabonyea chini ya mguu, wekeni mzigo chini na semeni palepale, msingoje mwenzenu wa nyuma aujaribu.

Fundi, baharia na mpakizi hawapokei mshahara kwa mkono mmoja, na huenda hata hawajuani majina. Lakini ubao ule ule ambao mmoja ameupigilia, wa pili huulalia usiku na wa tatu huupita na mzigo. Kwa hivyo neno la fundi aliyelipwa kwa haki ndilo linalobeba mguu wa mpakizi.

Makaratasi ya kuandikia makubaliano, yenye nafasi ya idadi ya mbao na boriti, yatapatikana kwa makatibu wa matawi. Chukueni, na mkayatumie.

Umoja ni nguvu.